Siwa ya Lamu si tarumbeta la Mreno

Bwana Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu shaba za Benin, zile sanamu na mabamba ya ufalme wa kale ulioko Nigeria ya leo, niliisoma mara mbili: ya kwanza kwa furaha, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Mwandishi wenu ameeleza vizuri jinsi Uholanzi ilivyorudisha vipande 119 Nigeria mwaka 2025, na jinsi Ujerumani ilivyoanza kurudisha vyake mwaka 2022. Hapo sina neno. Kilichonitoa kitini ni ile aya ya mwisho. Anasema kwamba huku kwetu pwani wafalme walijionyesha kwa mawe, milango na nguo za hariri, kwamba ufundi wa kusubu shaba ya enzi, yaani kuiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu, haukutufikia, na kwamba hata siwa ya Lamu, ile pembe kubwa inayopulizwa siku za sherehe, anayoiita "tarumbeta la kale", huenda ilinunuliwa kwa Wareno.

Mimi si mwanahistoria. Nilisubu shaba na alumini kwa miaka 34 katika karakana moja upande wa Mbaraki, hapa Mombasa: rafadha za majahazi yaliyotiwa mashine, bushi, vali za pampu, na mara moja kengele ya shule. Nimestaafu, macho yamepungua, lakini mkono wangu wa kulia bado una makovu ya matone ya shaba, utadhani niliugua ndui upande mmoja. Kwa idhini ya makovu hayo naomba nafasi katika ukurasa wenu.

Siwa ya Lamu niliiona kwa mara ya kwanza miaka ya sabini, nilipokwenda Maulidi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Mkomani, mtaa wa Lamu, na nilikuwa nimesikia habari za siwa tangu utotoni, kwa namna watoto wanavyosikia habari za majini: kila mtu anajua, hakuna aliyeona. Bibi alikuwa akisema harusi isiyopulizwa siwa ni karamu tu, watu wamekula wakaenda zao. Basi nikaingia Makumbusho ya Lamu, pale mbele ya bahari, nikazikuta mbili. Ile ya Pate, kisiwa jirani, ni ya pembe za ndovu, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa ya zamani, ndefu kuliko mtu mrefu, imepita mita 2. Watu wote husimama mbele ya hiyo. Ile ya Lamu ni ya shaba. Nilisimama mbele yake mpaka mwenzangu akachoka, akatoka kwenda kunywa kahawa.

Hiyo shaba si ile nyekundu ya nyaya za umeme. Ni shaba ya manjano, shaba iliyochanganywa na zinki, ambayo wazee wetu waliiita sufuri. Msomaji anayejiuliza sufuria ya jikoni ilipata wapi jina lake, ajibiwe hapo. Mwili wa siwa ile umejaa nakshi, na maandishi ya Kiarabu yamo ndani ya nakshi hizo. Umri wake unakisiwa kufika miaka 300. Na tundu la kupulizia haliko mwishoni, liko ubavuni. Naomba mwandishi wenu alishike hilo la ubavuni, nitalirudia.

Lakini kwanza hili la "wafalme". Lamu haikuwa na sultani wake kama Pate walivyokuwa na masultani wa ukoo wa Wanabahani. Mji uliendeshwa na wazee wa waungwana, wakikutana katika Yumbe, jumba la baraza la mji, na makundi mawili, Zena na Suudi, yakivutana na kupokezana. Kwa hiyo siwa ile haikuwa mali ya kichwa kimoja. Ilikuwa ya mji, na ilimpulizia mtu ambaye mji umemkubali, siku ya harusi au siku ya kumtahiri mwanawe. Ukinyimwa siwa, umeambiwa mbele ya watu wote kwamba wewe si kitu. Wazee wa Pate wanacho kisa cha Mwana Darini, bibi wa ukoo wa kitawala, aliyetaka kumtia mwanawe jandoni akanyimwa siwa na sultani. Hakulia wala hakubembeleza. Alimwita sharifu mmoja fundi, Mwenye Bayayi, akamtaka amchongee siwa yake mwenyewe, na siku ya tohara ikalia. Hebu fikiria hasira ya kuchonga pembe ya ndovu kwa siri ili mtoto wako asiaibike! Kitu ambacho watu wanakigombania namna hiyo huwezi kukiita tarumbeta. Tarumbeta liko kwenye bendi ya polisi.

Sasa hao Wareno. Si mwandishi wenu peke yake. Mjukuu wangu wa gredi ya sita alirudi nyumbani mwaka jana na daftari limeandikwa kwamba siwa ni "ala ya muziki iliyoletwa na wageni". Nikamuuliza, wageni gani? Akasema, "Babu, mwalimu amesema Wareno au Waarabu." Wareno au Waarabu! Kama mtu anayesema mtoto huyu ni wa Juma au wa Hamisi, ilimradi si wa mamake.

Vasco da Gama alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498, na mmoja wa watu wake aliandika aliyoyaona siku mfalme wa Malindi alipokuja kuonana nao kwa mashua. Mfalme amevaa joho la kitambaa cha damaski lililopambwa atilasi ya kijani, ameketi juu ya viti viwili vya shaba vyenye mito, juu yake mwavuli wa atilasi nyekundu, na mzee pembeni ameshika upanga mfupi wenye ala ya fedha. Na wapo wapiga ala, na miongoni mwa ala hizo zipo pembe mbili za ndovu zilizochongwa kwa nakshi, zenye kimo cha mtu, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni. Mreno ndiye anayeandika hayo, kwa mshangao wa mtu anayeona kitu kipya. Aliyekuja leo akazikuta siwa barazani hawezi kuwa ndiye aliyezileta. Viti vya shaba navyo sijui mwandishi wenu ataviweka wapi katika ile aya yake ya mawe na milango.

Narudi kwenye ubavu. Mwaka 2018 binti yangu, anayefanya kazi ya uuguzi Uingereza, alinipeleka London. Nilimwambia sitaki kuona saa kubwa wala ikulu ya malkia, nipeleke kwenye shaba. Tukaenda British Museum, tukateremka ngazi mpaka orofa ya chini ya ardhi, na pale ndipo walipoziweka za Benin: mabamba yamefungwa kwenye nguzo, safu juu ya safu, kutoka magotini mpaka juu ya kichwa. Nilivaa miwani nikasogea. Mlinzi akaniambia kwa adabu nirudi nyuma hatua moja. Binti yangu akaninong'oneza, "Baba, watatutoa."

Nilikuwa natafuta makosa. Fundi akiona kazi ya fundi mwingine haanzi na sifa, huanza na makosa, maana makosa ndiyo yanayosema kazi ilifanywaje. Niliona bamba lenye kiraka, mahali ambapo shaba haikufika mara ya kwanza, fundi akaongezea nta na udongo akamimina tena. Niliona matundu ya misumari pembezoni, kwa kuwa mabamba yale yalipigiliwa kwenye nguzo za ikulu ya Oba, mfalme wa Benin. Nyuma ya watu waliosubiwa, ile sehemu ambayo mimi ningeiacha wazi nipumzike, wamejaza kote kwa majani madogo ya pande nne, jani baada ya jani. Niliona vichwa vya shaba vyenye shingo zilizofunikwa kwa duara za ushanga wa marijani mpaka kidevuni, na juu ya utosi tundu la kusimamishia pembe ya ndovu iliyochongwa. Hivyo viliwekwa madhabahuni kwa ajili ya Oba aliyetangulia. Vile vya zamani zaidi vina kuta nyembamba. Vya baadaye ni vinene na vizito. Mtu asiyejua kazi atasema kizito ndicho bora. Kumimina chembamba kikajaa pote bila tundu, hapo ndipo pana kazi.

Halafu nikaona kitu kilichonifanya nimshike binti yangu mkono. Kwenye bamba moja, kando ya mkubwa aliyesimama katikati na mavazi yake yote ya enzi, kuna kijana mdogo amenyanyua pembe. Haikushikwa kama tarumbeta, mdomo kwenye ncha. Imelala mbele ya uso wake, naye anaipuliza kwa ubavu. Nikamwambia, "Tazama, huyu anapuliza siwa!" Akacheka. Lakini ndivyo ilivyo. Benin na Lamu hazikujuana, kati yao liko bara zima, na huku na kule mkubwa hatembei bila pembe ya ubavuni kutangulia. Tarumbeta la Mreno hupulizwa kwa ncha. Kama siwa yetu ilinunuliwa kwake, alitutobolea ubavuni kwa hisani?

Najua jibu litakalokuja: lakini shaba yenyewe ilitoka ng'ambo. Ni kweli, pwani ya Lamu haina machimbo ya shaba, na chuma chochote cha rangi kilifika kwa bahari. Na Benin je? Shaba nyingi ya Benin ilikuja kwa meli za Wareno, kwa manilla, zile bangili nzito zilizotumika kama fedha. Mafundi wa Benin wenyewe wamewasubu Wareno kwenye mabamba wakiwa na manilla zao. Utafiti uliotangazwa mwaka 2023 ulipima shaba ya manilla hizo ukaonyesha kwamba asili yake ni eneo la Rhineland, Ujerumani. Mbona hakuna aliyesema vichwa vya Oba ni sanaa ya Kijerumani? Unga wa ngano nao twaununua nje, na mahamri ni yetu.

Nieleze sasa kazi yenyewe inavyofanywa, kwa sababu naona ndiyo mwandishi aliyoiruka. Karakana yetu ilitumia kalibu za mchanga. Unachonga mfano wa mbao, unaukandamiza kwenye mchanga, unautoa, unamimina. Rafadha kumi zinatoka kwa mfano mmoja. Siwa haitoki hivyo, wala mabamba ya Benin. Hizo ni kazi za nta.

Mwaka 1989 mimi na mwenzangu, fundi seremala aliyekuwa akituchongea mifano, tulitaka kujua kama tunaweza. Tulifanya kazi hiyo uani kwake, Majengo, usiku, baada ya zamu. Unaanza na kiini: udongo wa mfinyanzi uliopondwa na kupepetwa, umechanganywa na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka ili upumue motoni. Unaufinyanga uwe umbo la uwazi wa ndani wa siwa. Ukikauka, unauvisha nta ya nyuki. Hapa ndipo akili inapotakiwa, kwa kuwa unene wa nta ndio utakaokuwa unene wa shaba. Ukiweka nyembamba shaba itaganda njiani, ukiweka nene utabeba siwa mabegani kama gunia la saruji. Juu ya nta ndiyo unachora nakshi, kwa kijiti cha mwanzi na sindano ya mashua. Nta haipendi joto la Mombasa. Mchana nakshi zilikuwa zinajifuta zenyewe kama maandishi ya kidole kwenye vumbi. Tukawa tunachora baada ya saa saba za usiku, tumeiweka nta juu ya beseni la maji ya barafu, barafu yenyewe tumeiomba kwa wauza samaki.

Nta yenyewe tuliinunua ya mtu aliyeileta kutoka bara ya Lamu. Waboni wa msituni kule wanajulikana tangu zamani kwa urinaji asali. Nikawa nafikiri, fundi aliyesubu siwa hakuhitaji kwenda mbali kuitafuta.

Kisha unapigilia vijiti vya chuma vipenye nta mpaka kwenye kiini, ili nta ikiondoka kiini kisianguke upande mmoja. Unaweka mifereji ya kumiminia na matundu ya pumzi. Unapaka uji mwepesi wa udongo kwa unyoya wa kuku, uingie katika kila mkunjo wa nakshi, maana udongo ndio utakaokumbuka nakshi wakati nta haipo tena. Ukikauka, unapaka tena. Halafu tena. Halafu udongo mnene. Halafu unangoja, na kungoja ndiko kulikotushinda. Ilikuwa masika. Tulingoja siku tano, tukaona panatosha.

Tuliitia motoni kichwa chini, nta ikatiririka kwenye debe ikinuka kama mishumaa na asali. Mahali ilipokuwa nta pamebaki utupu, na utupu huo ndio siwa. Tukageuza kalibu, tukaizika mchangani nusu, tukayeyusha shaba. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, wakati shaba ya manjano bado haijawa nyepesi vya kutosha kumiminika mbali, kwa hiyo ukizidisha moto kidogo unaona moshi mweupe unatoka chunguni kama pamba, na moshi huo ukiuvuta usiku utatetemeka homa. Tulimimina. Kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, kila kitu sawa. Kisha ukatoka mlio kama wa bunduki. Maji yaliyojificha ndani ya udongo yalikuwa yamegeuka mvuke, kalibu ikapasuka, shaba ikaruka. Haya makovu niliyoyataja, nusu yake ni ya usiku ule. Mke wa mwenzangu alitoka na kanga kichwani akauliza kama tumevamiwa.

Tulijaribu tena mwaka uliofuata, kipande kifupi tu cha mkono mmoja, wakati wa kaskazi, tukikausha wiki tatu. Hicho kilitoka. Upande mmoja nakshi imesimama vizuri, majani na mstari wa kamba. Upande wa pili pana shimo la kutosha kupitisha yai, mahali shaba ilipopoa kabla ya kukutana na wenzake. Na hicho ni kipande. Siwa ile ya Lamu ni vipande vilivyosubiwa vikakubali kuungana, vikawa na tundu moja la hewa kutoka mwanzo mpaka mwisho, na baada ya urembo wote huo iweze kulia. Bamba la ukutani likitoka na ufa bado ni bamba. Pembe ikivuja hewa ni chuma chakavu.

Ndiyo maana nasema aliyesubu siwa hakuwa anajaribu. Kazi ya kwanza haitoki vile, mimi ninayo ya kwanza yangu na ya pili na sizionyeshi wageni. Nyuma ya siwa ile zipo kalibu zilizopasuka, zipo nta zilizoyeyuka mchana, yupo mwalimu aliyemwambia mwanafunzi "bado haujakauka". Jijini Benin twajua mafundi hao waliishi wapi: mtaa wa Igun, chini ya Oba mwenyewe, hawakuruhusiwa kusubu bila idhini yake, na watoto wao wako pale mpaka leo wakifanya kazi hiyo hiyo. Lamu mtaa wa namna hiyo hatukubaki nao. Siwa imebaki peke yake, kama jino moja kinywani, na watu wakiona jino moja wanasema la kubandika.

Hapa niruhusu nitoke njiani kidogo, kwa kuwa makala yenu yalilisogelea jambo yakalipita. Yalisema mji wa Benin ulivamiwa na Waingereza Februari 1897, ikulu ikaporwa, Oba Ovonramwen akahamishiwa Calabar alikofia mwaka 1914. Hayakusema nani aliongoza. Ni Admirali Harry Rawson, na manowari yake kuu ikiitwa St George. Wasomaji wenu wa Unguja watalijua jina hilo. Miezi sita kabla, tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu na dakika mbili za asubuhi, Rawson huyo huyo na St George hiyo hiyo waliipiga mizinga ikulu ya Zanzibar kwa muda usiofika dakika 45, watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa, na Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitwalia usultani, akakimbilia kwa Wajerumani. Na mwaka mmoja kabla ya hapo, Agosti 1895, Rawson alikuwa hapa kwetu, akipanda vilima nyuma ya Gazi kwenda kuivunja ngome ya Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyewaasi Waingereza, kule Mwele. Mwele, Unguja, Benin: mtu mmoja, miezi 18. Khalid alizungushwa Seychelles na St Helena, akaja kufia hapa Mombasa mwaka 1927. Kwa hiyo mtu wa pwani anaposoma habari za shaba za Benin hasomi habari za mbali. Nilipokuwa mle orofa ya chini London nilimwambia binti yangu hivyo, akaniuliza kwa nini hakufundishwa. Sikuwa na jibu, na mimi ndiye niliyemlipia karo.

Siwa ya Lamu ilisalimika, iko nyumbani, haikuhitaji barua za mabalozi. Waashanti wa Ghana mwaka 2024 walipelekewa Kumasi vipande 32 kutoka makumbusho ya London, vingi vikiwa dhahabu ya wafalme wao, lakini kwa mkopo, miaka mitatu. Sisi chetu hatukukopeshwa. Tunakiita tarumbeta wenyewe.

Na tumeanza kukifanyia mzaha. Mwezi uliopita nilialikwa harusi katika ukumbi mmoja hapa mjini. Bwana arusi anaingia, mshereheshaji anatangaza kwa sauti kubwa kwamba sasa itapulizwa siwa ya kifalme. Nikasimama, nikitegemea miwani. Kijana amebeba kitu kirefu kinachometameta dhahabu, amekiweka mdomoni kwa ncha (kwa ncha, Bwana Mhariri), na sauti ikatoka kubwa safi, na nyuma ya sauti nikasikia piano. Baadaye nikamfuata jikoni. "Shikamoo mzee," akasema, akanionyesha bila kuona haya: paipu ya plastiki ya maji ya inchi nne, imepakwa rangi ya kupuliza, na ndani yake kaspika kadogo kameunganishwa na simu. Nikamuuliza analipwa kiasi gani. Aliponitajia nikanyamaza, maana katika miaka 34 sikuwahi kulipwa hivyo kwa usiku mmoja.

Simlaumu. Alikuwa kijana mwenye adabu, akanipakulia biriani. Aliniuliza siwa ya kweli inalia vipi, nikamwambia sijaisikia, nimeiona tu ndani ya kioo. Hapo akanitazama kama aliyeshinda kesi.

Yamebaki mambo mawili madogo kwa mwandishi wenu. Picha mliyoichapa chini ya maneno "siwa ya shaba ya Lamu" ni ile ya Pate, ya pembe za ndovu. Rangi ya wino wenu huenda imewadanganya. Na kama kweli anataka kuandika tena juu ya shaba, apite Kibokoni aulizie fundi wa rafadha. Kile kipande changu cha pili kiko nyuma ya mlango, mke wangu amesimamisha chetezo cha udi ndani yake, na moshi unatokea pale kwenye shimo la yai. Aje mchana. Baada ya alasiri huwa niko barazani na macho hayaoni nakshi.

Fundi mstaafu wa kusubu,
Kibokoni, Mombasa
(Jina langu na simu mnavyo, msivichape.)